Uchumi Ukidorora Tudai Nini: Miradi, Nafuu ya Kodi au Mikopo Nafuu?

Mambo yakikaza, kila mtu Dodoma ana ushauri wake kwa serikali. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo anataka wakandarasi walipwe. Mwenye duka la jumla anataka kodi ipungue. Mwenye mkopo benki anataka riba ishuke, na mkulima wa alizeti wa Kondoa au Iramba anataka mafuta ya kula ya kutoka nje yazuiwe. Wote wana hoja, lakini fedha za kumridhisha kila mmoja kwa mara moja hazipo, na mara nyingine nafuu ya huyu ndiyo hasara ya yule. Nimeziweka hapa njia nne ambazo serikali yetu imewahi kuzitumia uchumi ulipoyumba, ili unapotoa maoni kwenye mkutano wa mtaa, kwenye ushirika au mbele ya diwani wako, ujue unadai nini na kitakufikia lini.

Kwanza tuelewane kuhusu mdororo wenyewe. Kwa hesabu ya wachumi, nchi imeingia kwenye mdororo pale pato la taifa linaposhuka kwa robo mbili mfululizo. Kwa kipimo hicho sisi tumeponea chupuchupu kwa miaka mingi: hata mwaka 2020, UVIKO-19 ilipofunga mipaka ya dunia, takwimu rasmi zilionyesha uchumi wetu ulikua kwa asilimia 4.8, kutoka kama 7 mwaka uliotangulia. Lakini mtu wa mtaani haishi ndani ya wastani wa taifa. Mwaka 2016 na 2017 ukuaji rasmi ulikuwa juu ya asilimia 6, na ndiyo miaka ambayo nchi nzima ilikuwa ikisema vyuma vimekaza. Kwa hiyo ninaposema mdororo nina maana ya hali ile unayoijua: wateja wanapungua, madeni hayalipwi, vibarua wanakaa kijiweni mpaka saa nne hakuna aliyekuja kuwachukua.

Kila njia nimeipima kwa maswali matatu. Fedha inaanzia mkononi mwa nani? Inachukua muda gani kufika kwako? Na baadaye nani anailipa?

Serikali kutumia fedha

Hapa tuna mifano miwili mikubwa, na yote miwili ilitangazwa Dodoma. Wa kwanza ni wa Juni 2009, wa pili ni wa Oktoba 2021. Ukitaka kujua tofauti ya mpango wa uchumi unaomfikia mtu wa kawaida na ule unaopita juu ya kichwa chake, ilinganishe hii miwili.

Septemba 15, 2008, benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilianguka, na mtikisiko ukaenea duniani. Kwetu haukuja kwa mlango wa benki, kwa sababu mabenki yetu hayakuwa yamenunua zile dhamana za mikopo ya nyumba za Wamarekani. Ulikuja kupitia mazao: bei ya pamba na kahawa ilishuka, na wanunuzi waliokuwa wamekopa benki ili kununua kwa wakulima wakabaki na mzigo ambao soko lilitaka kuuchukua kwa bei ya hasara. Tarehe 10 Juni 2009, Rais Jakaya Kikwete akatangaza mjini Dodoma mpango wa kunusuru uchumi uliokadiriwa kugharimu shilingi trilioni 1.7. Sehemu yake iliyosemwa sana ilikuwa kufidia hasara za vyama vya ushirika na makampuni yaliyonunua mazao hayo, na kudhamini mikopo yao ili ipangwe upya.

Fikra ya mpango ule haikuwa mbaya. Mnunuzi wa pamba akifilisika mwaka huu, mwakani mkulima hana wa kumuuzia, na benki iliyomkopesha inaanza kuwafungia milango na wengine. Tatizo ni pale fedha ilipoanzia. Ilianzia kwenye vitabu vya benki na vya mnunuzi, na mkulima aliahidiwa kwamba itamfikia baadaye. Miaka iliyofuata Bungeni palikuwa na mjadala mrefu kuhusu nani hasa alinufaika, na mjadala wa aina hiyo hauepukiki pale orodha ya waliolipwa inapokuwa ya makampuni ambayo mwananchi hayaoni. Na kwa Kanda ya Kati, ukiacha maeneo machache ya pamba mkoani Singida, mpango ule haukuwa na mengi ya kutugusa. Zabibu za Hombolo, karanga, mtama na alizeti havikuwa ndani ya hesabu.

Sasa angalia wa 2021. Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25 mwezi Septemba, na tarehe 10 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 katika ukumbi wa Jakaya Kikwete hapa Dodoma. Ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani matawi ya shule mama yaliyo karibu na watoto wanaokaa mbali, kila darasa shilingi milioni 20.

Ifuatilie hiyo milioni 20 katika kata moja ya vijijini. Fedha inaingia kwenye akaunti ya shule. Kamati ya ujenzi inakaa, inachagua fundi wa palepale kwa ule utaratibu ambao maofisa wanauita fosi akaunti, yaani kutumia mafundi wa kawaida badala ya kampuni ya ukandarasi. Kijana mwenye lori analeta mchanga na mawe. Waliofyatua tofali wanalipwa. Saruji, nondo na bati zinanunuliwa mjini kwa wenye maduka wale wale wanaolalamika kwamba biashara imedoda. Vibarua wanalipwa kila wiki, na jioni hiyo hiyo sehemu ya malipo iko kwa muuza unga, kwa mama lishe na kwenye marejesho ya kikoba. Kabla darasa halijapakwa rangi, fedha imeshapita mikononi mwa watu wengi ambao hawana hata akaunti ya benki. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayoweza kufanya hivyo kwa wiki chache.

Kasoro nayo ilikuwepo. Nchi nzima ilijenga kwa wakati mmoja na tarehe ya mwisho ikiwa Desemba, hivyo saruji na nondo zikapanda bei, na sehemu ya zile milioni 20 ikaliwa na upandaji huo. Na ule ulikuwa mkopo: darasa lilijengwa mara moja lakini deni linalipwa kwa miaka. Chuo Kikuu cha Dodoma kinatufundisha jambo hilo hilo. Majengo yake yalianza kuinuka mwaka 2007 na yakaendelea wakati dunia imo kwenye mtikisiko, na mji huu ulipata riziki kubwa kutokana na ujenzi ule. Lakini sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, na madeni ya serikali kwa mifuko yakaendelea kuwa hoja katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Aliyesubiri ni mstaafu.

Ndiyo maana, ndani ya njia hii ya kwanza, mimi naweka jambo moja mbele ya mradi wowote mpya: kulipa madeni ya wazabuni. Fikiria mkandarasi mdogo aliyemaliza kipande cha barabara ya vumbi, mhandisi amekagua, hati ya malipo imesainiwa, fedha haijaja. Yeye anadaiwa na mwenye greda. Mwenye greda anadaiwa mafuta. Mwenye duka aliyetoa makalavati kwa mkopo naye amekopa benki, na riba inatembea usiku na mchana. Hapo mdororo umetengenezwa na serikali yenyewe, bila Lehman wala UVIKO. Malipo ya hati ile moja yanafungua madeni manne kwa siku chache. Mradi mpya unahitaji usanifu, zabuni, rufaa za zabuni na mkataba. Deni lililohakikiwa linahitaji saini na fedha. Uhakiki usirukwe, maana madai hewa yapo, lakini uhakiki usiwe jina jingine la kutolipa.

Kuna matumizi mengine mawili yanayofaa sana kwa ukanda wetu wa ukame. La kwanza ni kazi za muda za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, zile za kuchimba malambo na kufungua barabara za vijiji, ambazo zinamlipa mtu wa kaya maskini katika miezi ambayo shamba halina kazi. La pili ni Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) kununua nafaka. NFRA inapofungua vituo na magari yakaanza kupanga foleni kuelekea maghala ya Kizota, bei ya soko la nafaka la Kibaigwa inasikia. Wakala ukichelewa kuingia sokoni, mkulima anakuwa ameshauza kwa bei ya kutupa, na fedha ya serikali inamkuta mlanguzi.

Nafuu ya kodi

Hii ndiyo inayoshangiliwa zaidi na ndiyo ninayoiamini kidogo, angalau kwa watu wa huku kwetu. Kodi ya mapato ikipunguzwa, ananufaika aliye kwenye orodha ya mishahara au mwenye kampuni inayopata faida. Mwaka wa mdororo, wengi hawana hiyo faida ya kupunguziwa kodi. Mama anayeuza mboga Sabasaba hatozwi kodi ya mapato kwa kiasi cha kumfanya asikie unafuu wowote ikipungua.

Ushuru wa forodha ni habari nyingine, na hapo mkoa wa Singida na wa Dodoma tuna kidonda chetu. Mwaka 2022, vita ya Urusi na Ukraine ilipopandisha bei ya mafuta ya kula duniani, ushuru wa mafuta ya kutoka nje ulilegezwa ili mlaji apumue. Mlaji wa mjini alipumua. Msimu wa 2023 bei ya mbegu za alizeti ikaanguka, na wakulima waliokuwa wamehimizwa kulima kwa bidii wakabaki na magunia ndani. Bajeti ya 2023/24 ikaupandisha ushuru tena. Ndani ya misimu miwili, sera moja ilimvuta mkulima na kumsukuma. Ukiniuliza kati ya mlaji na mkulima nani alindwe, nasema swali lenyewe linafichwa: nafuu ya mlaji ingeweza kutoka Hazina kwa muda maalumu, badala ya kutoka mfukoni mwa mkulima wa Mkalama.

Mfano wa ruzuku ya muda tunao. Kuanzia Juni 2022 serikali ilitoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali ya bei ya mafuta ya magari. Ilikuwa ya haraka, kila aliyepanda daladala aliipata kidogo, na ilikuwa na mwisho. Ubaya wake ni kwamba mwenye gari kubwa la kifahari alipata nafuu kubwa kuliko anayepanda bodaboda, kwa sababu ruzuku ya lita inamfuata mwenye lita nyingi. Ruzuku ya mbolea, iliyotolewa kwa wakulima waliosajiliwa, ililenga vizuri zaidi.

Na kuna kinyume cha nafuu. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Tarehe 27 ya mwezi huo huo Benki Kuu ikatangaza hatua za kulegeza mikopo ili kuinua biashara. Mkono mmoja ulikaza fedha ya mtu mdogo kwenye simu, mwingine ukalegeza fedha ya benki, ndani ya siku kumi na mbili. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba, ikapunguzwa tena baadaye. Fedha yake ilijenga vituo vya afya na madarasa, hilo ni kweli na ni jema. Lakini kipindi cha ugumu si wakati wa kuutoza muamala wa anayemtumia mama yake elfu kumi kijijini.

Benki Kuu kulegeza fedha

Kwenye vyombo vya habari hii ndiyo njia yenye takwimu nyingi. Tuichambue taratibu, kwa sababu wengi wanaidai bila kujua inavyofanya kazi.

Benki Kuu ina mikono mitatu mikubwa hapa. Mmoja ni riba inayoyatoza mabenki yanapokopa kwake. Wa pili ni sehemu ya amana ambayo kila benki inalazimika kuiweka Benki Kuu bila kuigusa. Wa tatu ni mikopo maalumu kwa mabenki yenye masharti ya nani akopeshwe. Chukua ule wa pili: benki ikiwa na amana za shilingi bilioni 100 na kiwango kikiwa asilimia 7, bilioni 7 zimefungwa. Mei 2020 Benki Kuu ilitangaza kukishusha kiwango hicho hadi asilimia 6, kuanzia Juni. Kwa benki ile, bilioni moja imefunguliwa. Hapo fedha ipo, inasubiri mkopaji.

Swali ni kama mkopaji anaipata, na kwa riba gani. Angalia mlolongo huu. Machi 2017 riba ya Benki Kuu kwa mabenki ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 12. Agosti mwaka huo ikawa 9, mwaka 2018 ikawa 7, na Mei 2020 ikawa 5. Amana za lazima nazo zilishuka kutoka asilimia 10 hadi 8 mwaka 2017, 7 mwaka 2019, kisha 6. Riba ya Benki Kuu imeporomoka kwa nukta 11 za asilimia. Katika kipindi hicho hicho, riba ya wastani ambayo mteja wa kawaida alitozwa benki ilishuka kwa kama nukta moja na kidogo, ikabaki juu ya asilimia 16.

Kwa nini? Mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa, ilikuwa mingi, kwa hiyo mabenki yalimwogopa mkopaji mpya. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali, zinalipa vizuri bila usumbufu, hivyo ofisa wa benki hana sababu ya kuhangaika na mwenye kinu cha kukamua alizeti asiyekuwa na hati ya nyumba. Na mdororo wenyewe unamfanya mtu mwenye akili asikope, kwa sababu haoni atamuuzia nani. Fedha ikilegezwa juu bila mahitaji chini, inakaa juu.

Mkono wa tatu una matumaini zaidi. Julai 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni moja ya kuyakopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba yamkopeshe mteja kwa riba isiyozidi 10. Pia ikatoa unafuu wa amana za lazima kwa benki inayokopesha kilimo kwa kiwango hicho hicho. Mikopo ya kilimo yenye riba ya tarakimu moja iliyoanza kusikika baada ya hapo ina mizizi humo. Ukiwa na ushirika uliosajiliwa, vitabu vilivyokaguliwa na mkataba na mnunuzi, njia hii ni yako na uidai kwa nguvu. Ukiwa mkulima wa ekari tatu Chemba asiye na hivyo, bado hujaingia mlangoni.

Tangu Januari 2024 Benki Kuu inatumia riba yake mpya ya sera, iliyoanza kwa asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Ukisikia imebadilishwa kwa robo ya nukta, usikimbilie benki siku hiyo kudai punguzo.

Watu wengi wa huku wanakopa kwingine kabisa, na hapo ndipo inapoingia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ni fedha nzuri, na iliposimamishwa Aprili 2023 vikundi vingi viliumia. Ila ina udhaifu mmoja ambao haujadiliwi: inatokana na mapato ya halmashauri, na mdororo ukija mapato hayo yanashuka. Inapungua wakati ambapo inahitajika zaidi. Kama kuna jambo la kumwambia mbunge kuhusu mfuko huo, ni kwamba katika miaka migumu Hazina ijazie pengo.

Kulegeza au kukaza usimamizi

Hii ni njia isiyogharimu bajeti hata shilingi, kwa hiyo viongozi wanaipenda. Ina sehemu mbili, na ni lazima zitenganishwe, kwa sababu moja inaokoa na nyingine inaua.

Inayookoa ni kuruhusu mikopo ipangwe upya. Mei 2020 Benki Kuu iliahidi kuyapa mabenki unafuu wa kikanuni yanapowapangia upya marejesho wateja walioathiriwa na UVIKO-19. Mwenye nyumba ya wageni aliyekosa wageni kwa miezi sita hana kosa. Akiuziwa nyumba yake kwa mnada wakati wa mdororo, inauzwa kwa bei ya chini, benki inapata hasara na familia inabaki nje. Kusogeza muda wa marejesho kunamwokoa yeye na benki. Lakini unafuu huu haukufuati nyumbani. Anayekwenda kwa ofisa mikopo kabla hajakosa marejesho ya kwanza, akiwa na daftari la mauzo, anasikilizwa kuliko anayezima simu.

Inayoua ni kuziachia taasisi zilizokwisha mtaji ziendelee kupokea amana. Hapa nasimama upande wa Benki Kuu hata inapochukiwa. Januari 4, 2018 ilizifutia leseni benki tano ndogo kwa mpigo kwa sababu ya kukosa mtaji wa kutosha: Covenant, Efatha, ya Wananchi Njombe, ya Wakulima Kagera na ya Wananchi Meru. Wateja waliumia, kwa sababu wakati huo bima ya amana ilikuwa inamlipa kila mwenye akaunti hadi shilingi milioni 1.5 tu, na aliyekuwa na zaidi alisubiri ufilisi. Sasa kinga ya Bodi ya Bima ya Amana imepandishwa hadi milioni 7.5. Ni hatua kubwa kwa mwenye akiba ya kawaida. Marekani ilianzisha bima ya amana mwaka 1933, baada ya maelfu ya benki zake kufungwa na watu kupoteza kila kitu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: bima hiyo ni ya benki na taasisi za fedha zenye leseni ya Benki Kuu. SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, zinazosimamiwa kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hazimo. VICOBA hazimo. Simwambii mtu atoke kwenye SACCOS, maana kwa mkopo wa haraka na wa kuaminiana ni vigumu kuishinda. Lakini katika mwaka mgumu, fedha ya ada na ya matibabu ikae mahali penye bima, na hisa zako zibaki kwenye chama.

Kisha kuna kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewaweka wakopeshaji binafsi katika daraja la pili, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mtaani wapo wanaotoza mara kadhaa ya hapo, wanaochukua kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba ya siri, wanaobeba friji na kochi mchana kweupe. Mdororo ndio msimu wao wa mavuno. Hapa kukaza ndiyo nafuu yenyewe, na ofisi ya biashara ya halmashauri haiwezi kukwepa wajibu kwa kusema leseni inatoka Benki Kuu.

Sasa uchague ipi?

Inategemea umesimama wapi. Fundi, kibarua, mama lishe na mwenye duka la vifaa: dai madeni ya wazabuni yalipwe na miradi midogo ya fosi akaunti ianze. Hii ndiyo ninayoiweka ya kwanza kwa Dodoma nzima, kwa sababu mji huu tangu uhamisho wa serikali wa 2016 unaendeshwa na ujenzi, na fedha ya serikali ikisimama Mtumba, kwenye mji wa serikali, inasimama mpaka Nzuguni. Mkulima wa alizeti: achana na hotuba za riba, shikilia ushuru wa forodha usiyumbishwe katikati ya msimu. Mkulima wa mtama na mahindi: dai NFRA iingie sokoni mapema. Mwenye mkopo: dai kupangiwa upya, na uanze wewe. Mwenye kiwanda kidogo au ushirika wenye vitabu: mikopo ya riba isiyozidi 10 ndiyo yako. Mtumishi mwenye mshahara hana haja kubwa ya yoyote kati ya hizi. Anachohitaji ni benki yake isimamiwe vizuri na kausha damu adhibitiwe.

Kuna hali moja inayobadilisha mpangilio huu wote. Ugumu ukija pamoja na bei zinazopaa na dola zisizopatikana, serikali kumwaga fedha kunaongeza bei badala ya kazi. Wazee wanaikumbuka miaka ya themanini: baada ya Vita vya Kagera na mafuta kupanda bei, nchi ilikuwa na foleni za sabuni na sukari huku mfumuko wa bei ukizunguka asilimia 30. Mpango wa kujinusuru wa 1981 haukuweza kitu kwa sababu fedha za kigeni hazikuwepo, na mpaka mwaka 1986 nchi ikalazimika kukubali masharti magumu ya kurekebisha uchumi. Katika hali kama hiyo, lipa madeni yaliyohakikiwa, linda chakula na kaya maskini, na miradi mipya isubiri. Mfumuko ukiwa wa chini, kama asilimia 3 hivi tuliyokuwa nayo mwaka 2020, serikali ina nafasi ya kutumia.

Kuhusu muda wa kudai: bajeti inayosomwa Bungeni mwezi Juni imeanza kupikwa miezi mingi nyuma, kwenye mikutano ya vijiji na mitaa, kisha kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani. Mjadala wa Bunge unaanza Aprili na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, kwa hiyo ombi linaloletwa Mei linakuta namba zimekaa. Kwenye kikao cha kata, omba diwani alete orodha ya wazabuni wanaoidai halmashauri, kiasi wanachodai na tangu lini. Mkurugenzi anayo, na hesabu za halmashauri zinakaguliwa kila mwaka.